Mshauri wa Fedha na Askari Wakati Soko Linapoyumba

Usiku wa tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulifikia kikomo, na kesho yake kazi ya kusambaza umeme nchini ikarudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL. Kwa mwananchi wa kawaida swali lilikuwa moja tu: taa zitawaka au hazitawaka? Lakini kwa wale walionunua hisa za kampuni hiyo tangu zilipouzwa kwa umma mwaka 2012, kwa bei ya shilingi 275 kila moja, lilikuwapo swali jingine zito zaidi. Kampuni iliyokwisha kazi yake, hisa yake ina thamani gani? Serikali ililipa dola za Kimarekani milioni 118 kwa ajili ya mali ambayo gharama yake ilikuwa haijarudishwa. Kampuni ikadai kwamba inastahili kulipwa zaidi sana. Na mgogoro huo ukapelekwa kwa wasuluhishi huko London.

Miongoni mwa wenye hisa hizo wamo watu waliovaa sare. Baadhi yao walitufikia ofisini na makaratasi yao mkononi, ingawa kazi yetu ni habari na uhusiano wala si hisa, kwa sababu hawakujua pa kwenda. Tuliwauliza jambo moja. Je, yule dalali aliyewauzia hisa aliwaambia siku ile kwamba mkataba wa kampuni ulianza mwaka 2005 na kwamba ulikuwa na siku yake ya mwisho? Hakuna aliyekumbuka kuambiwa hivyo. Je, katika miaka miwili ya mwisho, serikali ilipokwisha kutangaza kwamba haitaongeza mkataba, kuna aliyepigiwa simu? Hakuna.

Basi hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulichambua leo. Soko la fedha huyumba, na litaendelea kuyumba. Hakuna serikali, benki wala mtaalamu awezaye kulizuia. Uhusiano kati ya mshauri wa fedha na mteja wake hauvunjwi na kushuka kwa bei. Unavunjwa na kimya kinachofuata.

Tunaposema mshauri wa fedha, msomaji asidhani tunamsema bwana mwenye tai katika jumba refu la Nakasero peke yake. Huyo yumo: dalali wa Soko la Hisa la Uganda, au wakala wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambao wote wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Lakini yumo pia ofisa wa mikopo wa benki anayekuja kambini mwisho wa mwezi, na mtumishi wa chama cha akiba na mikopo. Sisi wanajeshi tunacho Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005, na ndugu zetu wa polisi wana chama chao cha Exodus. Askari wengi hawajawahi kuonana na dalali wa hisa hata mara moja, lakini karibu kila askari amewahi kukaa mbele ya meza ya ofisa wa mikopo. Huyo ndiye mshauri wake wa fedha, apende asipende.

Na mteja huyu mwenye sare hafanani na mteja mwingine. Mshahara wake ni wa hakika, tena makato hufanyika kabla haujamfikia mkononi. Kwa hiyo kila mwenye kitu cha kuuza humpenda. Lakini hana saa ya kufuatilia bei. Leo yuko Kampala, mwezi ujao yuko Karamoja, au Kongo ya mashariki ambako operesheni Shujaa ilianza Novemba 2021, au Somalia ambako majeshi yetu yaliingia kwa mara ya kwanza Machi 2007. Akiwa lindoni hawezi kupokea simu ya dalali saa nne asubuhi. Mke au mume aliyebaki nyumbani ndiye anayesikia uvumi, ndiye anayeogopa, na mara nyingine ndiye anayeamua. Tena fedha nyingi humjia askari mara moja au mbili tu maishani mwake: posho ya misheni atokapo nje ya nchi, na kiinua mgongo siku atakapovua sare. Akikosea katika siku hizo hana mwaka wa pili wa kurekebisha.

Wazee wetu waliotumikia zamani wanakumbuka Mei 1987, serikali ilipotoa fedha mpya, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30. Wanakumbuka pia mwaka 1999, Benki ya Greenland ilipofungwa mwezi wa Aprili na Benki ya Ushirika mwezi wa Mei. Kumbukumbu hizo hazijafa makambini. Zimerithiwa. Kuruta ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1999 atakuambia kwa uhakika kwamba benki ni kitu cha kufungwa usiku. Mshauri anayekuja na karatasi zake za rangi bila kujua kwamba anazungumza na watu wenye kumbukumbu hiyo, ameshapoteza nusu ya mazungumzo kabla hajafungua mdomo.

Hebu tuangalie mfano mmoja ambapo habari mbaya ilitolewa vizuri. Tarehe 20 Oktoba 2016 Benki Kuu ilichukua usimamizi wa Crane Bank, iliyokuwa miongoni mwa benki kubwa za nchi, kwa sababu mtaji wake ulikuwa umepungua mno. Gavana wa wakati huo, marehemu Emmanuel Tumusiime-Mutebile, alitangaza siku hiyo hiyo. Alisema kilichotokea, akasema ni nani ameshika usukani, na akasema kwamba milango ya benki itabaki wazi. Na kweli ilibaki wazi. Januari 2017 amana za wateja zikahamishiwa benki ya dfcu, na mwenye akiba akaendelea kuchukua fedha yake kama kawaida. Ni kweli kwamba baadaye namna benki hiyo na nyingine zilivyofungwa na kuuzwa ilikosolewa vikali, na Bunge likafanya uchunguzi wake mwaka 2018 na 2019. Hatuna nia ya kulifunika hilo. Lakini kwa upande wa mwekaji, koplo aliyekuwa na shilingi 800,000 katika tawi la karibu naye, jambo lililozuia mbio za kwenda kutoa fedha ni kwamba alisikia ukweli kutoka kwa mwenye mamlaka kabla ya kuusikia sokoni Owino.

Katika jeshi sisi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Kamanda aliye mbele akishambuliwa hangoji mpaka vita viishe ndipo atume taarifa ya hali. Anatuma mara moja, hata kama taarifa hiyo ni fupi: tumeshambuliwa, tuko mahali fulani, hasara bado haijajulikana, taarifa nyingine itafuata baada ya saa moja. Makao makuu yakipata maneno hayo manne yanaweza kutulia na kupanga. Yasipopata chochote yanadhani kikosi kimekwisha. Mshauri wa fedha wengi tuliowaona hufanya kinyume: bei ikishuka hujificha, akitumaini kwamba itapanda tena kabla mteja hajagundua. Siku mteja anapogundua, haoni tena bei iliyoshuka. Anaona mtu aliyemficha.

Tuchukue hati fungani za serikali, ambazo siku hizi askari na polisi wanazinunua, kwani mtu anaweza kuanza na shilingi 100,000 tu. Wengi huambiwa kwamba hati hizo hazina hatari yoyote. Hiyo ni nusu ya ukweli. Tuseme sajini ana hati ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 14 kwa mwaka, na umebaki mwaka mmoja kabla haijaiva. Mwisho wa mwaka huo atapokea shilingi 1,140,000. Kodi tunaiweka kando ili hesabu iwe nyepesi. Ghafla riba ya hati mpya inapanda hadi asilimia 17. Mtu anayetaka kuinunua hati ya sajini hatakubali kutoa milioni nzima, maana milioni yake ikiwekwa katika hati mpya itazaa zaidi. Atampa takriban shilingi 974,000. Sajini akiuza siku hiyo amepoteza sehemu ya mtaji wake. Asipouza, akangoja mpaka hati iive, atalipwa kila kitu alichoahidiwa.

Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Inaweza kuelezwa chini ya mti kwa dakika kumi. Lakini ikielezwa siku ya kununua, mteja ataikubali siku ya kushuka. Ikielezwa siku ya kushuka kwa mara ya kwanza, ataiona kuwa ni kisingizio. Mwaka 2011 mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 30, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 13 mwezi wa Julai hadi 23 mwezi wa Novemba. Mwaka 2022 ikaipandisha tena, kutoka asilimia 6.5 hadi 10 katika miezi mitano hivi. Kwa hiyo misukosuko ya namna hii si ajali ya mara moja katika karne. Askari anayejiunga leo na kutumikia mpaka astaafu ataiona zaidi ya mara moja, na mshauri anapaswa kumwambia hivyo siku ya kwanza, kwa maneno hayo hayo.

Hisa za MTN zilifundisha somo hilo hilo. Ziliuzwa kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200, bei yake ikateremka chini ya hapo kwa muda, kisha ikapanda tena. Waliouza kwa hofu wakati wa kuteremka walipata hasara ya kweli. Hata hivyo hatutaki kumdanganya msomaji kwamba kungoja ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye hisa za MTN aliyengoja alifanya vema. Mwenye hisa za Umeme alikuwa na saa inayohesabika ukutani. Kuzitofautisha hizo mbili ndiyo kazi tunayomlipa mshauri aifanye.

Upo upande wa mikopo pia, ambao kwa kweli unawagusa wasomaji wetu wengi zaidi kuliko hisa. Machi 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Benki Kuu iliruhusu benki kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika, kuanzia tarehe 1 Aprili. Mshahara wa askari haukusimama, lakini duka la mkewe lilifungwa, bodaboda yake ikazuiwa kubeba abiria, na vyumba vyake vya kupangisha vikabaki vitupu. Ofisa wa mikopo aliyepiga simu mwezi ule wa Aprili na kuuliza, "Afande, hali ya nyumbani ikoje, tupunguze makato?" alipata mteja wa maisha. Aliyengoja mpaka mteja ashindwe ndipo atume barua ya onyo alipata fedha yake, pengine, na hakumpata mtu huyo tena.

Kimya cha mshauri mwema kina hasara nyingine kubwa. Tapeli hanyamazi. Mwaka 2007 watu wengi walipoteza akiba zao katika mpango uliojiita wa kuwatunza yatima, wajane na wazee, uliojulikana kwa kifupi COWE. Desemba 2019 wengine maelfu walikuta milango ya Dunamiscoins imefungwa hapa Kampala, baada ya kuahidiwa faida kubwa mno kwa muda mfupi kwa kutumia sarafu za kompyuta. Tukichunguza namna mipango hii ilivyowapata watu, tunaona kwamba tapeli alifanya karibu kila jambo ambalo mshauri halali huliacha. Alikuja mwenyewe. Alirudi wiki iliyofuata. Alijua jina la mtoto. Alipokea simu usiku. Fedha za kwanza alizilipa kwa siku aliyoahidi, nazo zilikuwa fedha za waliojiunga nyuma. Askari aliyeibiwa si mjinga kama wengine wanavyomcheka katika meza ya chakula. Alichagua mtu aliyezungumza naye badala ya taasisi iliyomtumia ujumbe wa maandishi mara moja kwa mwaka.

Na anayeumia hafiki kwa tapeli peke yake. Akiisha kuibiwa hukimbilia mkopeshaji wa mtaani, humwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri, na tangu hapo mshahara wake si wake. Yafaa kila askari ajue kwamba sheria ya mwaka 2016 inayowahusu wakopeshaji inawakataza kushika kama rehani kitambulisho cha taifa, pasipoti, kitambulisho cha kazi kama kile cha polisi, au kadi ya benki na namba yake. Aliyeshikiwa kadi hana sababu ya kuona haya. Mwenye kosa mbele ya sheria ni aliyeishika. Makamanda wanajua vizuri mtu aliye katika hali hiyo anavyokuwa kazini. Halali vizuri, haaminiki na bohari, na mkononi ana bunduki.

Kuna jambo moja la kwetu wenyewe ambalo washauri wa kiraia hawalielewi, na wa kijeshi hawalisemi. Ni cheo. Ofisa wa chama cha akiba mwenye cheo cha luteni anapomhudumia kanali ambaye mradi wake unazama, humwambia "ndiyo afande" na kupitisha mkopo wa pili juu ya wa kwanza. Na praiveti anayehudumiwa na kapteni haulizi riba ni kiasi gani, kwa sababu tangu paredi ya kwanza amefundishwa kutomhoji mkubwa. Kwa njia hizo mbili ukweli hupotea mezani. Sisi tunaona kwamba mtu anayekaa katika kiti cha ushauri aache nyota zake mlangoni, na anayekaa mbele yake aache zake vilevile. Na chama chochote cha sare kiandike hivyo katika masharti yake ya kazi, ili luteni anayemkatalia kanali awe na karatasi ya kumkinga. Hatusemi hili kwa utovu wa nidhamu. Deni la kanali aliyeshindwa kulipa ni akiba ya praiveti.

Vilevile mshauri aseme wazi anavyolipwa. Dalali hupata ujira mteja anaponunua na anapouza pia. Wakala wa mfuko hukatiwa ada yake kila mwaka, mfuko ukipanda au ukishuka. Hakuna ubaya katika hayo, maana kila mtu hula kwa kazi yake. Ubaya unaingia wakati wa msukosuko, mteja anapoambiwa "uza hiki ununue kile" asijue kama shauri hilo limetoka katika hesabu au katika ujira. Mshauri aliyeitaja ada yake mapema ana haki ya kusema "usifanye chochote," na neno hilo, ambalo halimletei hata senti, ndilo linalomthibitisha kuliko maneno yote mengine.

Askari naye ana sehemu yake. Mshauri hawezi kumshauri mtu anayeficha madeni. Tumewaona watu wanaotaja mkopo wa benki na kuficha ule wa chama, wanaotaja nyumba ya Wakiso na kuficha familia ya pili kule Gulu. Aulizwe mwekaji: fedha hii inalindwa na nani, na mpaka kiasi gani? Katika benki zinazosimamiwa na Benki Kuu upo Mfuko wa Kulinda Amana, ambao tangu mwaka 2019 kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 10 kwa kila mwekaji katika kila benki. Bei ya hisa hailindwi na mfuko huo. Wengi hawajui tofauti hiyo, na wanaigundua siku ya msiba.

Tuchukue mwisho sajini anayejiandaa kwenda misheni kwa mwaka mmoja. Kabla hajapanda ndege Entebbe, yeye na mshauri wake, pamoja na mwenzi wake wa nyumbani, wanahitaji saa moja tu. Waandike kiasi gani cha posho kitabaki mahali panapofikika siku ile ile mtoto akiugua, na kiasi gani kitafungwa kwa mwaka au zaidi. Waandike bei ikishuka kwa kiasi gani mshauri atapiga simu, na atampigia nani ikiwa sajini hapatikani. Waandike pia mambo ambayo mwenzi ana ruhusa ya kuyaamua peke yake na yale ambayo lazima yangoje. Karatasi hiyo itiwe sahihi na watatu, nakala moja ibaki kwa mshauri, moja nyumbani, na moja iingie katika mkoba wa sajini pamoja na barua zake.